Nilivyojiandaa kwa jaribio la fasihi ya Kiingereza nikiwa Bukavu

Mwanafunzi aliyemaliza sekondari hapa Bukavu anafika kwenye jaribio la fasihi ya Kiingereza akiwa amejiandaa nusu tu, hata kama Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, aliipita kwa asilimia nzuri. Exetat kwa sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Insha iko kwenye hors-session, sehemu inayofanywa kabla ya kikao chenyewe cha mtihani, nayo ni ya Kifaransa. Kiingereza tumekisoma kama lugha ya kigeni: sarufi, ufahamu, mazungumzo mafupi. Kisha unapewa shairi ambalo hujawahi kuliona, karatasi tupu, na muda unaokwenda. Jaribio nililofanya lilikuwa la saa mbili: saa moja kuchambua kipande usichokijua, saa moja insha juu ya kazi ulizosoma mwenyewe. Kipande kisichojulikana ndicho kinachochuja watu, kwa hiyo ndicho nilichokipa sehemu kubwa ya maandalizi.

Kwanza maandishi yenyewe. Vitabu vya Kiingereza ni adimu madukani kwetu, lakini kazi za zamani ambazo haki zake zimekwisha ziko bure kwenye Project Gutenberg. Chagua faili ya maandishi matupu: riwaya fupi haifiki hata megabaiti moja, na simu ya kawaida inaifungua bila shida hata mtandao ukikatika. Sauti ziko LibriVox, zinasomwa na watu wa kujitolea, lakini zinakula bando: saa moja ya sauti kwa kiwango cha kilobiti 64 ni karibu megabaiti 29. Mimi nilipakua mashairi na tamthilia tu kwa sauti, riwaya nikazisoma. Mashairi niliyachapisha kwenye karatasi, moja kwa ukurasa, pembezoni nikiacha nafasi pana. Shairi lililo kwenye simu huwezi kulichora, na usipolichora hulioni.

Ugumu mkubwa kwetu uko kwenye sikio. Anayejua mashairi ya Kiswahili amezoea kuhesabu mizani, nane kwa nane, na kutazama vina vya kati na vya mwisho. Shule ya Kifaransa nayo imemfundisha aleksandrini, silabi 12. Kote huko unahesabu silabi. Kiingereza kinahesabu silabi na mkazo pamoja, na mkazo wenyewe hauna makao: Kiswahili karibu siku zote kinautia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa mwishoni, Kiingereza popote. Ndiyo maana mtahiniwa anaandika kwamba mshororo una silabi kumi, anaishia hapo, na hapati kitu. Kinachotakiwa ni kusema mikazo mitano inaangukia wapi, na ni wapi mpangilio huo unavunjika.

Nilivyofanya ni hivi. Nilichukua mshororo mmoja, nikatafuta kila neno la silabi zaidi ya moja kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo inayoonyesha alama ya mkazo. Halafu nikausoma kwa sauti nikigonga meza kwenye kila mkazo, na mwisho nikasikiliza rekodi ili kulinganisha. Kusikiliza kwanza ni rahisi lakini hakufundishi, unaiga tu.

Tuchukue mfano mmoja kwa karibu: mshororo wa pili wa soneti (shairi la mistari 14) ya 73 ya Shakespeare, ambaye soneti zake zilichapishwa mwaka 1609. "When yellow leaves, or none, or few, do hang." Msemaji anaufananisha umri wake na majira ya majani kupukutika. Gonga meza: mkazo uko kwenye silabi ya kwanza ya yellow, kisha leaves, none, few, hang. Mitano, imepangika sawasawa. Sasa tazama mpangilio wa maneno. Kwa kawaida mtu angeshuka ngazi: majani ya njano, machache, hakuna. Yeye anasema hakuna, kisha anarudi nyuma: au machache. Ni kama amejihukumu kuwa amekwisha, halafu akaiondoa hukumu hiyo papo hapo. Alama za mkato zinapunguza mwendo hapo hapo penye kusitasita. Na mshororo unakatika kwenye hang, sentensi bado haijaisha, hivyo sauti ya msomaji inabaki inaning'inia hadi matawi yatajwe kwenye mshororo unaofuata. Hayo manne yanatosha aya nzima, na hakuna hata moja linalohitaji ujue maisha ya Shakespeare.

Linganisha na jibu ninaloliona mara nyingi: "kuna sitiari, kuna takriri, mshairi anatuonyesha uzee." Yote ni kweli, na yote hayana thamani. Kutaja tamathali bila kusema inafanya nini hapo ilipo ni kujaza karatasi. Mimi nilijiwekea sheria: kila nukuu, ya maneno mawili hadi sita, ifuatwe na sentensi inayogusa neno lililomo ndani ya nukuu hiyo. Nukuu ndefu ni njia ya kukwepa kazi.

Kusoma kipande kipya nilikugawa mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili natafuta nani anasema, anamwambia nani, na kitenzi kikuu cha kila sentensi kiko wapi. Mashairi ya zamani hupindua mpangilio, na asiyefuata sentensi hadi nukta anasoma mshororo mmojammoja kama methali na kupotea. Mara ya tatu natafuta mahali pa kugeuka. Kwenye soneti ya Kiitaliano, mistari minane kisha sita, tazama mstari wa tisa. Ya Shakespeare ina beti tatu za mistari minne na mistari miwili ya kufungia, kwa hiyo kugeuka kunaweza kuwa kwenye tisa au kungoja ile miwili. Neno la kama "lakini" au "basi" mara nyingi linakuonyesha.

Mazoea ya Kifaransa yanasaidia na yanaharibu. Yanasaidia kwenye thou (wewe, kwa mtu wa karibu au wa chini) na you (kwa heshima) za Shakespeare: aliyekua na tu na vous za Kifaransa, zinazotofautiana vivyo hivyo, anahisi haraka nani anamshusha nani. Katika onyesho la kwanza la King Lear, Kent anamwambia mfalme wake thou, na mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa kwamba hapo adabu imevunjwa makusudi. Yanaharibu kwenye insha: utangulizi mrefu wa kutangaza mpango, kisha hoja, kinyume chake, na mapatano. Wasahihishaji wa Kiingereza wanataka dai lako liwe kwenye aya ya kwanza, na kila aya ianze na sehemu ya dai hilo. Yanaharibu pia sarufi: tunaandika the nature na the life kwa sababu Kifaransa kinadai la; tunaandika the poet he says kwa kurudia mtendaji; tunasahau s ya nafsi ya tatu. Tahajia nayo: literature ina t moja tu baada ya i, rhythm ina h mbili, character inaanza na ch.

Kwa insha nilichagua kazi chache: tamthilia moja, riwaya moja ya karne ya 19, riwaya moja ya Kiafrika. Kila kazi ilipata kurasa mbili za kaye, yaani daftari: nani anasimulia, umbo, mahali pa kugeuka, nukuu fupi kama kumi. Nilichukua Heart of Darkness ya Conrad, iliyotoka kwa mara ya kwanza jaridani mwaka 1899, na hapa natoa onyo kwa kila Mkongomani. Tunaijua historia ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, hasira iko karibu, na insha inageuka somo la historia. Mtahini anauliza maandishi. Angalia kwamba mto wenyewe hautajwi jina hata mara moja. Kwamba mhusika Marlow anasimulia akiwa kwenye mashua huko kwenye mto Thames, Uingereza, na maneno yake tunayapata kupitia msimulizi mwingine asiye na jina. Ukishaeleza umbali huo unafanya nini, ndipo unaweza kuleta hoja ya Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, aliyemshambulia Conrad kwa ubaguzi katika mhadhara wa 1975. Hoja hiyo ikitangulia maandishi, inasomeka kama umeikariri.

Msahihishaji ni shida. Walimu wana madarasa makubwa. Nilibadilishana karatasi na mwenzangu, na tulikuwa na kazi mbili tu: kupigia mstari dai la kila aya, na kuzungushia kila nukuu isiyofafanuliwa. Aya isiyo na mstari inaandikwa upya. Hilo linawezekana hata kama nyote wawili Kiingereza chenu si kizuri sana. Andikeni kwa mkono, saa mezani, hata umeme ukiwepo; vidole vilivyozoea simu vinachoka baada ya nusu saa.

Ile saa ya kipande kipya niliigawa hivi: dakika 15 kusoma na kuchora, 5 za mpango, 35 kuandika, 5 kukagua. Katika hizo tano za mwisho usijaribu kuboresha hoja. Pita ukitafuta s ya nafsi ya tatu, the zisizotakiwa, alama za kufunga nukuu, na jina la mshairi kama umelinakili sawa kutoka kwenye karatasi ya maswali.