Saa Nane Usiku

Fomu za mbu zilikuwa zikinifikia Jumatatu asubuhi zimekunjamana, nyingine zina doa la chai. Kila fomu ilibeba usiku mzima wa mtu mmoja. Mtu huyo amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, bonde la Msimbazi, suruali kaikunja hadi magotini, mkono mmoja tochi, mkono mwingine mrija wa kufyonzea mbu. Anawakamata wakitua mguuni, kabla hawajauma. Dakika 45 anakamata, 15 anapumzika, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ina kikombe chake cha karatasi kilichofunikwa kipande cha chandarua. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhamishia namba zao kwenye kompyuta. Ilikuwa 2014, mwaka wangu wa tatu katika taasisi ile ya utafiti hapa Dar es Salaam.

Data zikishaingia zilikuwa zinatumwa ng'ambo kwa mchambuzi, nasi tunasubiri. Wiki tatu, wiki nne. Majibu yalikuja yakiwa grafu zilizokamilika, pamoja na maagizo ya usafi. Agizo moja nililitekeleza kwa mikono yangu mara nyingi: mstari wowote wenye saa isiyowezekana ufutwe. Mbu walikamatwa usiku, kwa hiyo mstari unaosema saa 8 au saa 10 ni kosa la mwandishi. Nikaufuta. Nilifuta mamia ya mistari namna hiyo, na wala sikuuliza, kwa sababu aliyeagiza alikuwa na shahada kubwa na mimi nilikuwa na cheti.

Tangazo la mafunzo ya programu lilipobandikwa ubaoni, wengi tulidhani ni la vijana wa kitengo cha kompyuta. Siku tano, lugha ya Python, wafanyakazi wote wanakaribishwa. Niliandika jina langu baada ya kusita siku mbili. Tulifika watu 14, na nilishangaa kumkuta mzee wetu wa fildi, msimamizi wa wakamata mbu, mtu aliyezunguka mitaa ya Ilala na Temeke akifuata mbu tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona hizo fomu zangu zinakwendaga wapi."

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpole, anayerudia jambo mara tatu bila kukunja uso. Alituambia lugha hiyo iliasisiwa na Mholanzi, Guido van Rossum, ikatolewa 1991, na kwamba jina lake limetokana na kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, si nyoka. Mama mmoja wa uhasibu alishusha pumzi kabisa. Siku ya kwanza na ya pili sina mengi ya kusema juu yake. Tulisumbuka na mabano, tulisumbuka na nafasi mwanzoni mwa mstari, jenereta ilichelewa kuwashwa umeme ulipokatika. Jambo moja tu la siku ya pili lilinikaa. Mwalimu alipoeleza kwamba orodha inahesabiwa kuanzia sifuri, darasa zima liligoma. Kitu cha kwanza kiitweje cha sifuri?

Mzee akasema taratibu, "Mbona sisi ndivyo tunavyohesabu siku. Jua likichomoza hujasema saa moja. Saa moja unaisema saa nzima ikishapita."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kisha akaandika maneno yale ubaoni.

Siku ya tatu tuliambiwa kila mtu alete data zake halisi. Mimi nilileta faili la mbu, lile ghafi, kabla ya kufuta chochote. Kwa kweli yalikuwa mafaili mawili, maana Excel ya mtindo wa zamani ilikuwa inaishia mstari wa 65,536 na data zetu zilikuwa zimeshavuka. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: pitia mistari yote, jumlisha mbu kwa kila saa, chapisha orodha. Programu yangu ilikuwa na mistari tisa. Nilipobonyeza, jibu lilirudi kabla sijaondoa kidole. Mafaili yote mawili. Kazi hiyo kwa mkono ingenichukua wiki.

Nikaanza kuomba radhi kwa mzee aliyekaa jirani yangu. "Hizi za saa 7 hadi 11 usizijali, ni makosa, huwa tunazifuta."

Mzee akavaa miwani. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Makosa gani? Hii ni saa nane usiku, mwanangu. Hii saa nane mimi nilikuwepo."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mimi ni mtoto wa Temeke. Maisha yangu yote nimeamka saa kumi na moja alfajiri na kula chakula cha mchana saa saba. Lakini nikikaa mbele ya kompyuta nilikuwa nasoma saa kama mchambuzi wa ng'ambo. Nusu ya wakamata mbu walikuwa wanaandika saa zetu, nusu wanaandika za masaa 24 kama walivyofundishwa kwenye semina. Na ubaya haukuishia kwenye mistari niliyoifuta. Saa 1 mpaka saa 5 zilibaki, na kila iliyoandikwa kwa Kiswahili ilikuwa imehesabiwa kuwa baada ya usiku wa manane. Mbu aliyemtua mtu saa mbili usiku, watu wako barazani wanakula, kwenye grafu alikuwa ametua wakati watu wamelala ndani ya chandarua. Kwa malaria hiyo si tofauti ndogo. Anopheles arabiensis, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria, anajulikana kwa kuuma mapema na kuuma nje, na chandarua hakimkingi mtu aliye barazani.

Tulibaki darasani wenzetu walipokwenda kula. Swali lilikuwa: 3 ikiwa peke yake, utajuaje ni saa tatu usiku au saa tisa? Mwalimu alijaribu hili na lile. Jibu lilinijia kwa sababu nilizijua fomu zile kama ninavyojua mwandiko wangu. Mtu habadilishi saa katikati ya usiku. Fomu ikiwa na 7, 8, 9, 10 au 11 popote, yote ni ya Kiswahili. Ikiwa na 18 na kuendelea, yote ni ya masaa 24. Basi usiulize mstari, uliza fomu.

Kubadilisha kwenyewe kuliingia kwenye mstari mmoja:

saa = (saa + 18) % 24

Alama ile ya asilimia hapo maana yake ni baki baada ya kugawanya. Saa 1 usiku inakuwa 19. Saa 6 usiku inakuwa 24, ukigawanya kwa 24 hubaki kitu, ndiyo sifuri, usiku wa manane. Saa 8 inakuwa 2. Nilizijaribu moja moja kwa kalamu pembeni ya daftari na zote zikakubali. Nikachora grafu. Nguzo za jioni, saa 1 mpaka saa 4, zikainuka palepale tulipokuwa tumezoea kuona uwanda mtupu.

Mzee alizifuata kwa kidole, kisha akasimama kwenye nguzo ya mwisho kabisa, kulia. "Hii ya saa kumi na mbili asubuhi ni ya nani? Saa hiyo sisi tunakunja vigoda."

Ilikuwa 12 ya jioni. Saa yetu ya kwanza ya kazi, programu ilikuwa imeichukua na kuipeleka alfajiri. Hesabu ilikuwa sahihi kwa saa zote za usiku isipokuwa ile inayoufungua. Nikaongeza sharti: ikiwa ni 12, iwe 18. Chakula cha mchana hatukukila siku hiyo, wala hakuna aliyekikumbuka.

Ijumaa niliwaonyesha wakuu wa idara. Sauti ilikuwa inatetemeka mwanzoni. Hawakunilaumu kwa mistari niliyofuta. Waliuliza kama fomu za karatasi bado zipo, na mzee akajibu zipo stoo, zote, amezifunga kwa kamba mwaka kwa mwaka. Tulizirudia kwa miezi miwili, mimi na dada mwenzangu wa kuingiza data, kila alasiri baada ya kazi za siku.

Fomu mpya zilipotoka kwa mchapaji nilimpelekea mzee ya kwanza. Saa zilikuwa zimechapwa tayari, ya Kiswahili juu, ya masaa 24 chini yake, mkamata mbu anajaza idadi tu. Aliishika mbali na macho, akaisoma kuanzia juu.

"Na 12 ya jioni umeikumbuka?"

"Nimeikumbuka, mzee. Ndiyo ya kwanza hapo."

Akaitafuta kwa kidole mpaka akaiona.