Ratiba Yangu Ilisahau Mtungi

Nilipoingia mwaka wa kwanza nilichora ratiba kwa kalamu za rangi nne, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Kijani mazoezi, nyekundu masomo, bluu usingizi, njano marafiki. Mwenzangu wa chumba aliitazama akacheka: "Dada, na maji utachota saa ngapi?" Nikamwona mchokozi tu.

Sasa niko mwaka wa tatu hapa Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, nasomea biokemia na kukimbia mita 800. Ratiba ile niliibandua zamani. Haikushindwa na mazoezi wala masomo. Ilishindwa na mtungi wa lita 20.

Kukimbia kwenyewe hakuli muda sana. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko barabarani kuelekea mji jirani wa Luanda, saa moja nimesharudi. Lazima iwe alfajiri, kwa sababu upande huu mvua hupenda kuja alasiri, na uwanja wetu wa nyasi ukilowa unageuka shamba la mpunga. Kinachomaliza siku ni vitu vinavyozizunguka hizo mbio. Foleni ya maji. Kufua jezi zangu, nazo ni mbili tu, ambazo mvua hiyo hiyo haitaki zikauke. Kupika pia, maana sahani moja ya wali madondo haimfikishi mkimbiaji jioni. Halafu ule usingizi wa saa nane mchana! Siku moja ulinibeba mhadhiri akieleza jinsi seli zinavyotengeneza nguvu kutokana na chakula. Zangu zilikuwa zimefunga duka.

Muhula uliopita CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, iliangukia siku ya mashindano. Barua ya kuniombea ruhusa ilitakiwa kupita ofisi tatu. Ikalala ya pili, sisi tukapanda basi. Niliporudi, mhadhiri aliniuliza kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kufokewa: "Wewe ni mwanafunzi au mkimbiaji?" Sikumjibu. Wiki mbili kabla ya hapo kocha alikuwa ameniuliza swali lilo hilo, ila akalianzia upande wa pili, nilipokosa mazoezi kwa sababu ya maabara. Siku hizi barua yangu naitembeza mwenyewe, wiki tatu mapema, na mhuri usipogongwa siondoki mlangoni. Makarani wananijua kwa jina. Mmoja huniita "yule wa mbio" hata nikiwa nimekaa.

Agosti 2024, Emmanuel Wanyonyi aliposhinda mita 800 Olimpiki ya Paris, nilikuwa likizo nyumbani Bungoma. Dakika 1 na sekunde 41.19, akimtangulia Marco Arop wa Kanada kwa sekunde 0.01! Sebule nzima ilisimama. Kijana wa Trans Nzoia, jirani zetu kabisa, miaka 20. Kelele zilipotulia mjomba akanigeukia: "Na wewe, lini?"

Mjomba, naomba tuhesabu. Muda wangu bora ni dakika 2 na sekunde 13. Mary Moraa alichukua ubingwa wa dunia Budapest mwaka 2023 kwa dakika 1 na sekunde 56.03. Hizo sekunde karibu 17 zilizobaki kati yetu ndizo zinazonisomesha biokemia. Na bado nazifukuza, usiniulize kwa nini.

Rangi ya njano ndiyo iliyoumia zaidi. Wenzangu walipoenda ufukwe wa Dunga, Kisumu, kula samaki kusherehekea kuzaliwa kwa mmoja wetu, mimi nilikuwa nimelala, nina mbio kesho yake. Katika zile picha zote simo. Tena mbio zenyewe nilishika nafasi ya sita.

Kilichonisaidia hatimaye ni biashara ndogo niliyofanya na yule aliyenicheka. Wiki ya mashindano yeye ananichotea maji. Wiki ya mitihani mimi namfundisha takwimu, somo analoliogopa kama nyoka. Wala hatukuandika popote. Juzi alinigongea kitanda saa kumi usiku, tukapiga hesabu hadi nilipotoka kukimbia.

Alhamisi nina CAT, Jumamosi nakimbia. Barua imepigwa mihuri yote mitatu. Jezi zote mbili ziko kwenye kamba, na kule juu ya vilima vya Bunyore naona wingu limeanza kuiva. Ngoja nikaanue.