Trei zangu haziwezi urani

Kisesa na Usagara, mtu akichimba kisima kikatoa maji yenye chuma, namba yangu ndiyo inayopigwa. Maji yanatoka bombani safi, hayana doa. Unayakinga kwenye ndoo, unapiga soga kidogo, ukigeuka yameanza umanjano, na kesho yake kuna ukoko wa kutu chini ya ndoo. Ukipikia chai inakuwa nyeusi kama wino. Mashati meupe ya shule ndiyo basi tena. Tiba yake si ngumu: tunayapandisha maji, tunayamwaga kwenye trei zenye matundu yapigwe na hewa. Oksijeni inakigandisha chuma, kinashuka, na kinachobaki kinanaswa na chujio la mchanga.

Shemeji yangu wa Namtumbo anazijua trei hizi. Ndiyo maana alinitumia voisi: je, maji yaliyoharibiwa na mgodi wa urani, ile metali yenye mionzi inayotumika kwenye vinu vya nyuklia, nayo yanasafishika hivyo? Huko kwao ndiko uliko mradi wa urani wa Mto Mkuju, ambao eneo lake lilimegwa kutoka pori la akiba la Selous kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia mwaka 2012. Watu wanataka kujua mwisho wa mgodi mapema, na sioni ubaya wake.

Nimesoma, na jibu ni hapana. Tena kwa sababu iliyonifurahisha kama fundi: urani inakwenda kinyume na chuma. Ikipata oksijeni ndipo inapoyeyuka, na maji yakiwa na kaboneti, ile ya mawe ya chokaa, inazidi kuyeyuka. Ikinyimwa oksijeni inaganda na kung'ang'ania mawe. Trei zangu hapo zingekuwa zinamtia nguvu adui.

Wamarekani wameutumia ukinyume huo. Fry Canyon, Utah, mwaka 1997, walizika kuta za majaribio kwenye njia ya maji ya ardhini, na ule uliojazwa chembe za chuma ulifanya vizuri kuliko wenzake. Maji yanapita yenyewe, bila pampu wala dizeli, urani inabaki ukutani. Chuma kilekile kinachonisumbua Kisesa! Rifle, Colorado, walikwenda mbali zaidi: waliingiza asetati, chumvi itokanayo na asidi ya siki, ardhini ili bakteria waishio humo wale, wazaliane, na katika kupumua kwao waigandishe urani. Shida ni kwamba oksijeni ikirudi, urani nayo inaweza kuyeyuka upya.

Ujerumani na Czech ndiko kulikonitisha. Königstein, Ujerumani, karibu na mto Elbe, waliingiza asidi ya salfuriki kwenye mwamba ili itoe urani. Kuujaza mgodi maji kwa utaratibu kulianza mwaka 2001, na maji yanayotoka lazima yapite kwenye mtambo wa kuyasafisha. Stráž pod Ralskem, Czech, waliingiza takribani tani milioni 4 za asidi hiyo kati ya 1967 na 1996. Uchimbaji ulishakoma, pampu za kuyatoa maji hayo machafu hazijakoma.

Mtamboni kwenyewe hakuna uchawi. Resini, yaani punje kama za plastiki, inainasa urani, chokaa inapunguza ukali wa asidi na kuangusha metali, kloridi ya bariamu inaishusha radiamu, metali nyingine yenye mionzi inayoandamana na urani. Maji yanatoka, tope linabaki. Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu wa chujio, kwa sababu sisi tope letu la kutu tunalimwaga nyuma ya nyumba na maisha yanaendelea. Hili lina mionzi. Nusu ya urani-238, aina ya urani iliyo nyingi zaidi, inahitaji miaka bilioni 4.5 kuisha, kwa hiyo anayesema "tutasafisha" nataka anioneshe shimo la tope, limetandikwa nini, na nani atalilipia mlinzi.

Shemeji nimempa kazi moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha mikrogramu 30 za urani kwa lita ya maji ya kunywa, na zipo sehemu ambazo mwamba wenyewe unaitoa bila mgodi wowote. Ladha haina, harufu haina. Basi visima vya kijiji vipimwe sasa, kiangazi na masika, na karatasi za maabara zikae ofisi ya kijiji na nakala kwa mwenye kila kisima. Amesema mwenyekiti ameuliza gharama. Nimemwambia aanze na visima vitatu vilivyo bondeni, upande maji yanakoelekea.