Kwapa la kinyozi liko puani kwa mteja

Fundi cherehani akinuka kikwapa, ni siri yake na cherehani yake. Mimi ni kinyozi. Nikikuchonga mbele, mkono uko juu, kwapa limekaa puani kwako, na wewe umefungwa kitambaa shingoni, huna pa kukimbilia.

Nilijijua mwezi wa pili mwaka juzi. Dukani kwangu Tandika, Dar es Salaam, umeme umekatika, feni imelala, nanyoa kwa mashine ya chaji. Kitini yupo mzee mmoja, mteja wangu wa kila Ijumaa kabla ya swala. Kila nikihamia upande wa kulia, anafumba macho na kubana pumzi. Nikadhani anaogopa wembe. Alipolipa akanivuta pembeni: "Mwanangu, mkono wako mwepesi. Lakini kwapa hilo litakufungia duka."

Na mimi naoga asubuhi na jioni! Nilikuwa najipulizia pafyumu juu yake, ikazaliwa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Nikasikia habari za limao. Nikapaka kwenye kwapa nililolinyoa usiku huohuo. Sitaki kusimulia sana. Siku nne nilitembea kama mtu aliyebana tikiti kila upande.

Shemeji yangu anauza kwenye duka la dawa Mbagala. Alicheka kwanza, kisha akanieleza. Jasho likitoka halina harufu. Kwapani kuna tezi zinazoanza kazi mtu akibalehe, zinatoa majimaji yenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanayala hayo, na wanachokiacha ndicho kinachonuka. Kingine kina salfa, ndiyo maana kikwapa kikali kinakaribia kitunguu. Mtoto wa miaka sita anacheza mpira juani mchana kutwa na anarudi ananuka vumbi tu. "Wewe unafukuza harufu," akasema, "wenyewe umewaachia nyumba."

Akanipa dawa ya kuoshea chunusi, yenye benzoili peroksaidi. Wakati wa kuoga napaka kwapani, nasubiri dakika mbili tatu, nasuuza vizuri. Nilianza mara mbili kwa wiki ili ngozi izoee, na sipaki siku niliyonyoa. Hakuniambia kwamba inapausha nguo. Taulo langu la bluu sasa lina ramani ya mabara yote.

Kilichonichekesha ni shabu. Jiwe liko kwenye droo yangu miaka yote, namsugulia mteja kidevuni wembe ukimchubua. Kumbe ni chumvi ya alumini, na kwapani bakteria haiwapendezi. Nikanunua langu (la wateja ni la wateja), nalilowesha, nasugua, naacha pakauke. Siku ya joto kali linanifikisha saa tisa hivi, narudia. Deodoranti ya kuzuia jasho nayo nilikuwa nakosea: napaka asubuhi, maji ya kuoga bado yananichuruzika. Inapakwa usiku, kwapa likiwa kavu, jasho limepungua, iingie kwenye vitundu na kuviziba.

Nywele za kwapani nazipunguza kwa mashine, maana zinashika unyevu.

Lakini adui mkubwa alikuwa koti langu la kazi, la polista. Linafuliwa, linanukia sabuni, nikilipiga pasi tu kikwapa cha wiki iliyopita kinafufuka. Polista inashika harufu kuliko pamba. Nimeliacha, navaa fulana za pamba mbili kwa siku, nabadilisha mchana. Jioni nazigeuza nje ndani, naloweka, kesho yake naanika juani.

Kama kwapa lako linatoa majipu yanayojirudia, usihangaike na shabu, nenda hospitali.

Yule mzee bado anakuja. Ijumaa iliyopita alisinzia kitini, nikamaliza upande wa kulia bila kumwamsha.