Nilivyofuatilia hela za mfereji baraza la mji

Kila mtu alikuwa na ushauri wa jinsi ya kuzifuatilia hela za mfereji wetu. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, alisema tukusanye sahihi. Mwanangu wa Kampala akasema twende redioni. Jirani naye: "Hajati, tafuta mtu wa ndani umpe ya soda." Ya soda! Kwa hela ambazo zimeshalipwa?

Kuna bwana kajenga ghorofa la maduka upande wa juu. Alipopitishiwa plani alitozwa ada pamoja na mchango wa mfereji. Ghorofa likaisha, mfereji hakuna. Mvua ikinyesha maji yote yanashukia uani kwangu, na stoo ya mahindi ndiyo ya kwanza kuogelea.

Sahihi tulikusanya, wazee wengine wakaweka dole gumba. Binti wa mapokezi wa baraza la mji akazipokea kwa mikono miwili, akaziweka juu ya rundo la karatasi na chupa ya maji juu yake. Nikirudi, faili liko kwa bosi. Nikirudi tena, bosi yuko semina. Mwishowe naambiwa hakuna barua iliyowahi kufika, na chupa naiona pale pale!

Sasa risiti anayo nani? Mwenye ghorofa. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita mwizi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwendea. Nilimpelekea mandazi, nikamwambia, "Mzee, watu wanasema hukulipa." Aliruka kutoka kitini. Akavuta droo, akatoa karatasi ya benki yenye muhuri, milioni tano na ushee, akasema nitoe nakala hata kumi. Aliyesingiziwa hahitaji kubembelezwa.

Hapa Uganda ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, inahesabiwa wamekataa, na unaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Usiandike "hela zetu ziko wapi", utajibiwa kwa hotuba. Mimi niliomba hesabu za ada za plani za mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023, na kumbukumbu za kikao cha kamati ya mipango kilichopitisha lile ghorofa. Nakala ya pili igongwe muhuri nikiona. Nilikaa kwenye benchi na tasbihi yangu mpaka ukagongwa. Chini niliandika: nakala kwa RDC (mwakilishi wa rais wilayani), IGG (mkaguzi mkuu wa serikali, anayefuatilia rushwa), na kamati ya hesabu za umma ya wilaya. Karani wa mji alipofika mstari huo alivua miwani.

Gharama? Elfu ishirini hivi za ombi. Za boda usiniulize.

Jibu likaja: hela ziliingia, zikatumika "kutengeneza barabara". Barabara gani, kimya. Risiti nikampa diwani wetu aisome kikaoni, na yeye ambaye hatukuwahi kumsikia akapiga kelele kunishinda.

Kalaveti zimeletwa, mfereji umefika kona ya msikiti. Kutoka hapo hadi kwangu wanasema bajeti ijayo. Swali la barabara gani nimeshalipeleka kamati ya hesabu ya wilaya, na nakala yangu ina muhuri.