Siku moja jikoni kando ya Ruaha, pasipo umeme wala bomba

Mimi ni mpishi wa safari za mahema. Nikiwa kazini natokea Iringa, na hii ni siku moja ya Oktoba kwenye kambi ya umma ya Hifadhi ya Ruaha, upande wa Msembe, pale ukingoni mwa mto. Sisi tunaiita pabliki tu. Wageni wetu ni wawili, mzee na mkewe kutoka Uholanzi, na wafanyakazi ni mimi na suka wangu, yaani dereva.

Saa 10:15 alfajiri

Alamu imelia, sitoki kwanza. Nafungua zipu ya hema kidogo, navaa tochi ya kichwani namulika kulia, kushoto, afu kule ukingoni, natafuta macho. Yakiwa mengi yako chinichini ni swala pala, hao hawana neno. Yakiwa makubwa na yametulia mahali pamoja narudi ndani nasikiliza. Watu wananiulizaga kama naogopa simba, mimi namwogopa kiboko bana, sababu saa hizi ndo anatoka malishoni anarudi kwenye dimbwi na ukisimama kati yake na maji hana mjadala na wewe.

Leo ni pala tu. Naenda jikoni.

Kitu cha kwanza ni kuchemsha maji, na nachemsha mara moja, sufuria kubwa, najaza chupa tatu za chai: moja ya kunywa, moja ya wageni kunawa uso, moja nabaki nayo ya kuanzia supu jioni. Gesi tunayo ya mtungi wa kilo 15 na ka mtungi ka kilo 6 ka akiba, lakini gesi haijawahi kuninyima usingizi. Maji ndo yananinyima. Nitaeleza.

Saa 11 na nusu

Mayai, viazi vya jana nimevikaanga tena na kitunguu, mkate, chai ya maziwa. Suka anakuja anakagua matairi huku anakula amesimama, nimeshamwambia kaka utapata vidonda vya tumbo, hasikii. Wageni wametoka kwenye hema wamevaa khaki, nimefurahi, maana jana yule mama alivaa bluu mbung'o wakamla vibaya sana. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, sijui kwa nini makampuni hayawaambii watu kabla hawajafunga mizigo.

Saa 12 kamili gari inatoka. Kabla ya hapo hairuhusiwi kuzunguka hifadhini, na jioni saa 1 kila mtu awe kambini, kwa hiyo ratiba yangu yote inakaa humo katikati.

Saa 12 na nusu asubuhi, niko peke yangu

Sasa nieleze kambi yenyewe. Mgeni wa nje analipia dola 30 kwa usiku bado VAT, na anachopata ni mahali pa kusimika hema, choo, bafu, kibanda cha jiko, na mandhari ambayo lodji wanaiuza kwa mamia ya dola. Soketi ya kuchomeka chochote hamna. Bomba la kuunganisha kwenye gari kama wale Wazungu wanaosafiri na nyumba zao wanavyozoea kwao, hamna. Kuna siku alikuja mmoja na gari kubwa la kulala, kutoka Afrika Kusini, akazunguka kambi nzima na waya mkononi anatafuta pa kuchomeka. Nikamwambia baba, hapa unachomeka kwenye jua.

Na watu wakisikia "kando ya mto" wanafikiria maji ni ya kumwaga. Njoo Oktoba uone. Mbele ya jiko langu kuna mchanga mpana mweupe, halafu madimbwi mawili matatu, na kwenye hayo madimbwi wamo viboko wamebanana na mamba wamelala pembeni. Tembo wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka maji yachuje, wanakunywa, wakiondoka wanakuja nyani na kanga kunywea shimo lilelile. Ruaha Mkuu zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ila tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi, wiki kadhaa, miaka mingine miezi. Juu huko kuna bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, na maji mengi yanachepushwa kwenda mashamba ya mpunga. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa kwenye hifadhi, ndo Ruaha ikafika kilomita za mraba 20,000 na ushee.

Sasa hapa ndo mimi nashindwa kupiga kelele sana, maana mchele ulioko kwenye ndoo yangu umetoka Mbarali. Hukohuko. Ni mtamu, haushikani, wageni wanausifu kila safari na hawajui kwamba wanakula mto ambao wamelipa kuja kuutazama. Sitaki kumlaumu mkulima wa Mbarali, anasomesha watoto kwa huo mpunga. Ila nikiuosha mchele huwa naangalia ule mchanga, basi.

Kwa hiyo maji ya kunywa na ya jikoni tunabeba wenyewe kutoka Iringa, madumu kumi ya lita 20 kwa watu wanne, usiku nne. Piga hesabu, lita 50 kwa siku. Kwa joto hili kila mtu anakunywa lita nne, hizo 16 zimeondoka, na usimpimie mgeni maji ya kunywa hata siku moja. Zinabaki 34 za kupika, kuosha mboga, kuosha vyombo. Bafuni ni maji ya kambi, hayo kwangu ni ya kuoga tu, jikoni siyaingizi.

Saa 2 asubuhi

Vyombo. Mabeseni matatu. La kwanza maji moto na sabuni, la pili la kusuuzia lina tone la Jik, la tatu maji safi ya mwisho. Kabla ya kugusa beseni sahani inafutwa kwanza kwa karatasi mpaka mafuta yaishe, hapo ndo unaokoa maji, mtu akikuwekea sahani yenye mchuzi moja kwa moja kwenye sabuni amekumalizia lita tano. Beseni la tatu simwagi. Mchana linapanda kuwa la pili, la pili linapanda kuwa la kwanza, na la kwanza ndo linaenda shimoni, mbali na mto.

Nikamaliza nikayaweka mabeseni nje ya kibanda, kivulini, nikaingia kukata mboga. Kabichi na karoti za Iringa, nyanya za Ilula, ambazo zikipangwa vizuri kwenye kreti na magazeti zinakaa safari nzima.

Saa 3 na kitu

Tembo ana uzito wa gari nne na hutamsikia akija. Nilichosikia ni ganda la mgunga limevunjika. Nikainua kichwa, dume, peke yake, meno yamepishana moja fupi, anakuja na ukingo taratibu anaokota maganda chini ya miti. Oktoba maganda yanadondoka na tembo wanajua kila mti ulipo. Anafika kwenye mti mkubwa wa kambi, anaegemeza paji la uso, anausukuma mara moja tu, maganda yanamwagika yote, anaanza kukusanya na mkonga kama mtu anayefagia.

Nikazima gesi. Nikakaa nyuma ya ukuta wa kibanda, upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, hapo nikapumua. Matunda yako kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, hiyo ni sheria yangu, kwenye hema hakuna chungwa, hakuna ndizi, hata ganda lake, na nawakagua wageni mabegi kama mwalimu wa zamu.

Basi akasogea. Kutoka pale nilipo mpaka kwake hata hatua kumi na tano hazifiki, naona nywele za kidevu, naona machozi meusi ya pembeni ya jicho. Mkonga ukaja kwenye beseni la kwanza, ukanusa, ukapuliza povu, ukaacha. La pili, akanusa Jik, akatikisa kichwa masikio yakapiga puh. La tatu. Akatia ncha ya mkonga, nikasikia maji yanapanda fuuuu kama bomba lenye hewa, akainua, akajimiminia mdomoni, akarudia, beseni tupu. Akaligeuza na mguu kuangalia kama chini kuna jingine. Afu akaondoka zake kwenda mchangani.

Lita kumi. Nimekaa pale natetemeka na huku nacheka na huku napiga hesabu.

Saa 5

Gari imerudi. Wageni wameona simba, wameona tandala wakubwa, wameshindwa kuona mbwa mwitu. Nikawasimulia habari ya tembo wakaangalia lile beseni wakalipiga picha, beseni la plastiki la kijani, nadhani sasa hivi liko kwenye simu za watu Amsterdam.

Chakula cha mchana ni baridi siku zote, saladi, maharage, mayai ya kuchemsha, chapati. Deli, lile sanduku la kutunzia baridi, nafungua mara mbili tu kwa siku. Barafu ya vipande siitumii, nagandisha chupa za maji siku mbili kabla ya safari napanga katikati ya nyama, zikiyeyuka nyama haiogelei na wewe umepata maji ya baridi ya kunywa. Kuku na samaki wanaliwa mwanzo, nyama ya ng'ombe iliyoganda inafuata, mwisho wa safari ni mayai na maharage na hakuna anayelalamika kama maharage yana nazi.

Tumbili alipita na kipande cha chapati cha mzee. Mzee alikuwa amekishika.

Saa 7 hadi saa 9

Joto. Hakuna kazi, hakuna ndege anayelia. Kila mtu chini ya mti.

Saa 9 na nusu

Askari wa hifadhi amepita na pikipiki. Mtu mzima, wa Iringa, tunasalimiana Kihehe. "Kamwene!" "Kamwene baba, shikamoo." "Marahaba. Nasikia umepata mgeni." Habari zinatembea humu ndani kuliko intaneti. Akaniambia yule dume wanamjua, mpole, ila mabeseni yaingie ndani mwanangu, akizoea atakuja na wenzie. Nikasema sawa baba. Nikampa chai. Wageni na suka wakaondoka tena saa 10.

Nikaoka keki. Sufuria kubwa, mawe matatu madogo ndani, juu yake sufuria ndogo yenye unga, mfuniko mzito na jiwe juu, moto wa chini kabisa dakika 40 hivi. Gesi haitoi moto wa juu kwa hiyo haipati rangi, nikiona imeshika naigeuza kwenye sahani nairudisha kichwa chini miguu juu. Mgeni akila anauliza ovena iko wapi.

Saa 12 na dakika 45

Wamerudi, bisi na chai mezani, hiyo ni lazima, safari ya hema Tanzania bila bisi mgeni anaweza kudai hela yake.

Huu ndo muda wa kuchaji. Gari ina betri ya pili, inajaa injini ikiwa inazunguka mchana, na juu kuna paneli ya sola. Vinavyokula hapo ni taa za jikoni, simu zetu, betri za kamera, na suka anakaa karibu na invata, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, utadhani mlinzi wa benki. Kuna mgeni wa msimu uliopita alileta draya ya nywele, wati elfu moja na mia tano na zaidi, invata yetu ni ya mia tatu. Suka hakubishana naye, alimwambia tu dada, ukiwasha hiyo kesho tunasukuma gari wote na simba anaangalia.

Kinachonichekesha ni kwamba mto huuhuu mvua zikirudi unashuka kwenye bwawa la umeme la Mtera, megawati 80, unashuka Kidatu, megawati 204, unaingia Rufiji unakutana na Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Nusu ya nchi inapiga pasi kwa maji yanayopita mbele ya jiko langu, na mimi nasubiri zamu ya waya nichaji simu ifike asilimia 40.

Saa 1 na nusu usiku

Supu ya maboga, wali, mchuzi wa nyama, kabichi. Mzee ameongeza wali mara mbili. Baada ya keki nawapa maneno ya usiku: viatu ndani, fisi anaiba kiatu na harudishi, ukienda choo mulika kwanza, ukiona macho makubwa rudi, ukibanwa sana piga kelele suka atawasha gari akufuate.

Saa 3 usiku

Vyombo vyote ndani, mabeseni ndani, sanduku la chakula lina kufuli. Simba wananguruma ng'ambo ya mto, mbali, suka anasema ni walewale wa asubuhi. Mimi niko na tochi nahesabu madumu. Mawili yaliyojaa, moja nusu, na kesho ni siku nzima bado na asubuhi ya kuondoka.

Suka ananiuliza, "Dada, kesho jioni si ulisema tambi?"

"Nilisema. Lakini tambi zinataka sufuria nzima ya maji na yote unayamwaga. Chukua unga huo hapo, kesho ni chapati, na wewe ndo utakanda."

"Mimi nimeajiriwa kuendesha."

"Na tembo nani kamwajiri? Kakunywa maji ya tambi zako. Lete na beseni."