Mwani Uliorudishwa Baharini

Juzi binti yangu aliambiwa shuleni apeleke picha ya mtu wa kwao akiwa kazini. Hakuhangaika. Alipanda kiti, akaitungua ile ya sebuleni, akaifuta vumbi kwa gauni lake (nguo safi ya shule, lakini tuyaache hayo), akakaa nayo mkekani akiitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Mama, mbona bibi anacheka hivi?"

Mnaofika kwangu mnaijua. Mama yumo majini hadi magotini, kanga nyekundu, mwani umemwagika mikononi unachuruzika maji, na nyuma yake bahari ya kijani isiyo na hata ngalawa. Ilikatwa kwenye gazeti moja la wasafiri. Chini yake pana maneno ya Kiingereza ambayo tuliishi nayo miaka bila kuyaelewa. Nilipofika sekondari nikamsomea: wanawake wa mwambao huu huvuna bustani zao za baharini.

Mama akauliza, "Bustani? Bustani si ina kivuli?"

Ilikuwa 2003, bamvu, siku zile maji yanapotoka mbali na kujaa sana. Wageni walifika saa saba mchana, na mtu wa Paje, kijijini kwetu Unguja, hahitaji kuelezwa: bamvu maji hutoka asubuhi, saa nne yameshakauka kabisa, saa saba yanarudi mbio. Mama alikuwa ameingia saa mbili, ameinama mpaka mgongo umekataa, anakata tai-tai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mwani, na kujaza magunia. Alishayapandisha pwani. Mwani ulikuwa umeanikwa juu ya makuti na yeye amekaa chini ya mvinje anakamua soksi. Soksi, ndiyo. Alivaa jozi mbili kwa ajili ya miba, na suruali ya marehemu baba, na shati la mikono mirefu.

Kijana wa mjini aliyewaleta, kofia nyeupe na suruali nyeupe, akamwamkia kwa adabu zote.

"Bi mkubwa, wageni wanaomba urudi majini kidogo."

"Nirudi kufanya nini?"

"Kuvuna."

"Si nimeshavuna."

"Basi uvune tena."

Suruali haikutakiwa. Soksi nazo hapana. Jirani akakimbia kuleta kanga yake nyekundu, mpya, haijaingia maji. Ilikuwa na jina la "Mgeni njoo, mwenyeji apone", ila kwa ilivyofungwa, pichani yanasomeka maneno mawili tu ya mwanzo. Mimi nikatwishwa gunia la mwani uleule niliosaidia kuuanika, nikaambiwa niupeleke maji yalipo. Nilikuwa darasa la tano. Mwani mbichi ni mzito kama mtu aliyezimia, na ule ulikuwa umeshaanza kushika mchanga, kwa hiyo kwanza tulikaa tukausuuza ili upendeze.

Mpiga picha alimwonyesha Mama namna ya kuubeba: akumbatie, mikono wazi, kama mtoto mchanga. Hakuna abebaye mwani hivyo. Mama akakumbatia. Jua la saa nane linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye maji, macho yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyelia, na wao wanasema tabasamu, bi, tabasamu. Mama akatoa meno. Wakatazama kwenye kamera, wakatikisa kichwa. Tena. Tena. Maji yalimfikia magotini.

Kijana alikuwa kushoto kwake ameshika ubao unaong'aa kama sufuria mpya, wa kurudisha mwanga. Akaambiwa arudi nyuma hatua moja. Akarudi. Akarudi na ya pili, hakuambiwa, na hapo palikuwa na shimo. Alizama na ile suruali hadi kifuani, ubao juu ya kichwa kama mtu anayenusuru msahafu kwenye mafuriko, na kofia ikaanza safari yake peke yake.

Mama alicheka. Si kutoa meno. Alicheka mpaka mwani ukamponyoka mkono mmoja, akaudaka. Kamera ikalia.

Ukiitazama picha vizuri, pembeni kushoto kuna kitu cheupe. Watu husema povu. Ni kofia.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwanamke mmoja wa wageni aliuliza Mama anaupikaje mwani. Mama akasema, "Hatuuli." Kijana, anatiririka maji, akatafsiri kwa maneno mengi mno kuliko hilo moja, na kwenye gazeti tukajikuta tunaupika. Kweli ni kwamba unakaushwa, unauzwa, unapanda meli, na huko unatolewa kitu cha kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. Na mwani wa aina ile nene, yenye bei, ulikuwa ukigeuka mweupe na kukatika kila maji yakipata joto. Hilo halikuandikwa.

Nimewahi kutaka kukasirika kwa niaba yake. Tatizo ni elfu tano aliyopewa. Siku zile kilo ya mwani mkavu haikufika shilingi mia mbili, na kilo moja kavu ni saba au nane mbichi za kubeba kichwani. Piga hesabu. Njiani kurudi aliniambia, "Hawa waje kila bamvu."

Basi binti akaniuliza aandike nini chini ya picha. Nikampigia bibi yake, nikaweka sauti wazi.

"Mwambie aandike kweli. Bibi anarudisha mwani baharini."

Akaandika hivyohivyo, kwa penseli, mwandiko mzuri. Jana daftari limerudi. Saba kwa kumi. Mwalimu kapiga mstari mwekundu kwenye "anarudisha", na juu yake kaandika "anavuna".